Shida si mabingwa, ni ofa ya chini

Mwandishi mmoja anadai The Chase, shindano la maswali la runinga ya ITV kule Uingereza, linawaonea washiriki, eti wanapambanishwa na watu ambao chemsha bongo ndiyo kazi yao. Jamani, utamu wenyewe si ndio huo? Ukimtoroka Shaun Wallace, mmoja wa mabingwa hao, wakili aliyetwaa ubingwa wa Mastermind, shindano jingine la maswali, mwaka 2004, umeshinda kweli. Tena mizani imewekwa: kwenye ubao, anapokufukuza hatua kwa hatua kwa maswali, unaanza mbele yake, na fainali, timu nzima dhidi yake, kila aliyebaki anaipa timu hatua moja ya bure. Bingwa akikosea na timu ikapata jibu, anarudishwa nyuma.

Kinachoniudhi mimi ni ile ofa ya chini. Mtu kavuna pauni 5,000 zake vizuri kwenye maswali ya mwanzo, bingwa anamtega achukue mia chache, au hata kiasi hasi kinachokatwa kwenye mfuko wa timu, ili aanze ubaoni karibu zaidi na usalama. Anakubali! Wenzake wamehatarisha, yeye anauchota mfuko wa pamoja, na wakishinda wanagawana sawa kwa sawa. Najua mtaniambia fainali inataka vichwa vingi. Haya, lakini kichwa kilichoogopa maswali ya ubaoni kitajibu nini saa ikianza kuhesabu?