Manjano, vibua na maumivu yasiyoisha

Mwaka 2004 Lamu ilipatwa na homa iliyowainamisha watu kama waliobeba mizigo. Wengi walidhani ni malaria. Ilikuwa chikungunya, neno la Kimakonde linalohusu kujikunja, lililotokana na mlipuko wa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Uchunguzi wa damu ulikadiria kwamba takriban asilimia 75 ya wakazi wa mji wa Lamu waliambukizwa. Homa yenyewe hupita kwa siku chache, lakini maumivu ya viungo yanaweza kumkalia mtu miezi, hata miaka.

Na hata bila homa ile, mji huu una maumivu yake: magoti ya mama aliyekaa juu ya mbuzi akikuna nazi tangu usichana, mgongo wa fundi wa majahazi. Watu hawa hupewa ushauri wa aina mbili. Jirani atasema manjano, tangawizi na habasoda. Mwenye duka la dawa atampa vidonge.

Wa jikoni wana hoja nzito kuliko wanavyopewa. Diclofenac na ibuprofen, vile vidonge vya maumivu vya dukani, zikimezwa kila siku kwa miezi, huweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na kupandisha presha, na wanaozimeza sana ni wazee ambao tayari wana presha na sukari. Anayetafuta njia nyingine anajikinga, na haifai kumbeza.

Tangawizi imepimwa kwa watu wenye magoti yaliyosagika. Unga wa nusu gramu hadi gramu moja kwa siku, kwa wiki kadhaa, ulipunguza maumivu kiasi, ingawa wengine waliacha kwa sababu ya kiungulia. Nafuu ni ndogo, lakini ipo, na kipimo chenyewe ni kidogo.

Kwa manjano hesabu inakataa. Kinachoaminika kupoza uvimbe ndani yake ni kukumini, ambayo ni kama asilimia 3 tu ya unga. Kijiko cha chai cha gramu 3 kina miligramu 90 hivi, ilhali majaribio mengi ya magoti hutumia karibu miligramu 1,000 kwa siku. Ungehitaji vijiko zaidi ya kumi! Tena tumbo huipokea kwa shida, isipokuwa ikiandamana na mafuta na pilipili manga. Jaribio la mwaka 1998 lilionyesha kwamba piperini, ile inayoifanya pilipili manga iwashe, iliongeza kukumini inayoingia kwenye damu mara 20. Nikilisoma hilo huwaza samaki wa kupaka: manjano, tui zito, pilipili manga, vyote kwenye chungu kimoja. Mapishi yetu yamekaa vizuri kuliko kijiko kinachokorogwa kwenye maji ya moto. Ila hata chungu hicho hakifikii kipimo cha majaribio, na anayeahidi kwamba kitaponya goti anamdanganya mgonjwa.

Samaki ndiye ninayemtetea zaidi, hasa yule tusiyemwekea mgeni. Changu na tewa ni watamu lakini hawana mafuta mengi. Vibua na wale samaki wadogo waitwao simu wanayo, na ni mafuta ya omega 3. Kwa wenye baridi yabisi, ugonjwa wa viungo kuvimba na kukakamaa, mafuta hayo, kama gramu 3 kwa siku kwa miezi, yamepunguza ukakamavu wa asubuhi. Mlo mmoja haufikishi hapo, ila kula vibua mara kwa mara ni mwanzo mzuri. Lakini ukiwa na jongo, maumivu yaletwayo na asidi ya yuriki kuzidi mwilini, simu haohao huongeza asidi ya yuriki na huenda kidole gumba cha mguu kikawaka usiku. Ndiyo maana swali la kwanza liwe ni maumivu gani haya, kabla ya kuuliza ule nini.

Kuna jambo ambalo wauza mitishamba hawalitaji kwa sababu halina chupa ya kuuzwa. Kila kilo moja inayopungua mwilini humpunguzia mtu takriban kilo nne za mzigo juu ya goti kwa kila hatua. Hapa katika mji mkongwe wa Lamu hakuna gari la kukupeleka sokoni. Vichochoro vingi ni vya miguu au punda. Mama akipunguza sukari ya chai na mahamri ya asubuhi, akapungua kilo tano, goti lake limepumzika kilo ishirini kila anapokanyaga. Hakuna kiungo cha mchuzi kinachofika hapo.

Nawaogopea wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, kwani manjano na tangawizi kwa wingi vinaweza kuwazidishia kutokwa damu. Vidonge vyenye manjano yaliyokolezwa vimeumiza ini la watu kadhaa ng'ambo. Na huko Bangladesh wachunguzi waliwahi kukuta manjano, hata mazima kabla ya kusagwa, yaliyotiwa rangi yenye risasi ili yang'ae.

Na yule ambaye vidole vya mikono yote miwili vimevimba, na kila asubuhi vinakakamaa kwa zaidi ya saa moja, asingoje vibua. Hiyo huenda ni baridi yabisi inayokula viungo, na dawa zake hufaa zaidi zikianzwa mapema, kabla vidole havijapinda. Aende hospitali wiki hii, na ile chupa ya vidonge vya manjano aliyonunua aibebe, aiweke mezani mbele ya daktari.