Bingwa sasa ni "run", si "set"

Wapo wanaodai kuwa neno la Kiingereza lenye maana nyingi kuliko yote ni "set". Hiyo ilikuwa kweli enzi za kamusi ya Oxford ya mwaka 1989, iliyokipa kitenzi hicho maana zipatazo 430. Wahariri wake walipolipitia upya neno "run" (kukimbia), walikuta maana 645 za kitenzi peke yake! Na wala si ajabu. Mtu anakimbia, sawa. Lakini kwa wasemao Kiingereza hata pua hukimbia ikitoa kamasi, rangi ya nguo hukimbia ikichuja, injini ikiwaka inakimbia, mpaka soksi ndefu ikifumuka uzi. Kinachonichekesha zaidi ni siasa: mgombea wa Marekani anakimbia, wa Uingereza anasimama, na wote wanasaka kura zilezile za wananchi (sijui nani anachoka kwanza).

Ila tusiwacheke sana. Sisi tuna "piga": tunapiga simu, pasi, picha, mswaki, magoti, na hakuna anayeumia. Mgeni mmoja niliyekuwa namfundisha Kiswahili alinisikia nikisema nimepiga chafya, akaniuliza chafya amekosa nini. Nilikosa jibu.