Yai la Chanikiwiti

Leo asubuhi nimeitwa mchawi na mtu aliyenikopa sukari jana. Tena kwa sauti, mbele ya foleni ya mahamri, hapa hapa Majengo.

Kisa kuku. Banda analo, majani makavu nimemtandikia, bibie kaenda kutaga kizingitini kwa jirani. Na jogoo wangu ni chotara wa damu ya Araucana, kuku wa asili ya Chile, nimempandisha na makoo ya kienyeji. Binti zake wanataga buluu, wengine kijani. Basi Bi Mkubwa kafungua mlango alfajiri atoe taka, kakuta yai la chanikiwiti, la moto.

Yai jeupe tu mlangoni kwa mtu ni kesi. La kijani je?

Nilipofika, ustadh wa madrasa alikuwa akisoma chinichini, vijana wa maskani wanapiga picha, na mzee wa mtaa analigusa kwa ncha ya bakora.

"Likatupwe baharini," akasema. "Mwenyewe atajitokeza."

"Shikamoo mzee wangu. Ni langu."

Muuza mahamri akaacha kugeuza. Yaliyokuwa kwenye mafuta yakaungua.

"Amekiri!" Bi Mkubwa akapiga ukunga. "Mmemsikia?"

"La kuku wangu, bi mkubwa!"

Nikajituliza kama wakili. Nikawaeleza kwamba rangi ya kahawia ya yai hupakwa juujuu, yai likikaribia kutoka, lakini buluu huingia ganda zima. Zikikutana, ndiyo kijani hicho. Nikalipasua, nikamwaga ute na kiini, nikawageuzia ganda waone ndani: buluu tupu.

"Mpaka ndani!" Bi Mkubwa akajishika kichwa. "Jamani, limerogwa mpaka ndani!"

Ustadh akapandisha sauti.

Nikaona niwapelekee sayansi. Nikasema watafiti walishaeleza tangu 2013: kuna kirusi cha zamani kilichojipenyeza kwenye jeni za kuku hawa, ndicho kilicholeta buluu. Kusikia kirusi, foleni yote ikarudi nyuma, na mama mmoja akaziba pua kwa ushungi. Ndugu zangu, korona imetuharibu.

Mwenye duka naye kayakataa mayai yangu, ati mabichi, niyasubiri yaive. Kijana wa mayai ya kuchemsha alichukua trei, jioni karudisha: wateja wanauliza ni ya mnyama gani. Nyumbani mgeni akija, mke wangu anayaficha.

Ladha ni ile ile! Lishe ile ile! Rangi ya ganda ni kabila la kuku, rangi ya kiini ni chakula chake, basi. Mtu anamumunya mabuyu mekundu mpaka ulimi, meno na kanzu vinageuka rangi, haulizi kitu, halafu aje aogope yai langu? Na chakula cha kuku bei yake mnaijua. Kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, mnakijua.

Wasiobagua rangi ni kunguru peke yao. Mwaka 2024 hapa Kenya tulitangaziwa kwamba kunguru milioni moja wataangamizwa kabla mwaka haujaisha. Wa kwetu nadhani hawakusikiliza taarifa ya habari. Wako juu ya mabati, wanene, na wiki hii wamebeba kifaranga na kipande cha sabuni ya kuogea. Kifaranga naelewa. Sabuni wanaogea wapi, na mifereji mikavu tangu Jumapili?