Chuma au PPR: bomba lipi litadumu ukutani?

Mafundi bomba wa Dar es Salaam wana ubishi usiokwisha. Wakongwe wanashikilia kwamba bomba ni la chuma kilichopakwa zinki, yaani GI, na mengine ni mipira ya kuchezea. Vijana wenye mashine ya kuchomea PPR, bomba la plastiki linalounganishwa kwa joto, wanajibu kwamba chuma ni kazi ya kurudia. Kila upande una hoja, ila ubishi wenyewe umeelekezwa pabaya, kwa sababu ni nadra bomba kufia katikati. Hufia kwenye kiungio, au huuawa na mahali lilipowekwa.

Tuanze na GI ya nusu inchi, ya unene wa kati. Ukuta wake ni kama milimita 2.6. Likibanwa kwenye vaisi na kukatwa uzi (mikato ya kuskrubia kiungio), dai, yaani kifaa cha kukatia uzi huo, inachimba zaidi ya milimita 1, hivyo chini ya uzi hubaki chuma cha milimita 1.4 hivi. Tena ni chuma kitupu, maana zinki iliyopakwa kiwandani imeondoka na chenga zilizodondoka sakafuni. Ukipata bomba kuukuu lililokatika, liangalie: mara nyingi limekatikia kwenye uzi, pale linapoingia kwenye elbo, kiungio cha kona. Katani na rangi za kuzibia uzi huziba maji, zinki hazirudishi.

Kwa nyumba za pwani zinazotumia kisima cha maji chumvi, hali ni mbaya zaidi. Chumvi huila zinki kutoka ndani, kutu inajijenga, tundu la bomba linasinyaa mwaka hadi mwaka, na maji ya kwanza asubuhi yanatoka ya kahawia. Kama plasta ilichanganywa na mchanga wa baharini, bomba linaliwa na kwa nje pia. Kulizika GI ukutani katika mazingira hayo ni kujiwekea kazi ya kubomoa vigae baadaye.

Hata hivyo wakongwe hawabwabwaji. Bomba la uani linalosimama peke yake, watoto wakilining'inia na ndoo zikiligonga, PPR haiwezi kazi hiyo. Chuma hakiogopi jua, msumari haukipenyi kirahisi, na palipofungwa yunioni (kiungio cha kufungulika) unafungua kwa spana mbili hata umeme ukiwa umekatika. Mabomba yanayoning'inia juujuu kwenye mnara wa tenki, au yanayopita mahali pa kugongwa, yaachiwe chuma.

PPR faida yake kubwa ni kwamba haina kutu, na kiungio kikichomwa vizuri bomba na fitingi (kipande cha kuungia) huwa kitu kimoja. Hapo penye "kikichomwa vizuri" ndipo kazi ilipo. Mashine iwe nyuzi 260 za Selsiasi. Bomba la milimita 20 lipashwe sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8, kisha liingizwe moja kwa moja bila kuzungushwa, lishikwe bila kutikiswa, na liachwe lipoe dakika 2 kabla ya kulivuta (la 32, dakika 4). Kwa bomba la 20, weka alama ya penseli milimita 14 hivi kutoka kwenye ncha: huo ndio mwisho wa kuingiza. Fundi mwenye haraka hupasha kupita kiasi na kusukuma kwa nguvu. Plastiki inajikunja ndani na kuacha kitundu cha kupitisha njiti. Kwa nje kiungio kinapendeza kabisa! Ncha yenye maji au vumbi nayo haishiki, hata ukiipasha vipi.

Ile "miaka 50" wanayotangaza wauzaji ni hesabu ya maji ya nyuzi 20 kwa presha iliyopangwa. Maji ya moto hufupisha umri huo, kwa hiyo upande wa hita tumia PN20, siyo PN10 ya bei rahisi (PN ni daraja la presha ya bomba). Soma maandishi ubavuni mwa bomba. Joto pia hulirefusha: mita 10 za PPR zikipanda nyuzi 40 hurefuka milimita 60, wakati chuma hurefuka kama 5 tu. Bomba refu lililobanwa kila upande litapinda. Jua nalo huikausha PPR hadi ipasuke, kwa hiyo ya nje ifunikwe. Na pale kwenye fitingi yenye shaba ya kufungia koki, ukijaza katani nyingi na kukaza kwa spana kubwa, plastiki inayoizunguka shaba hupasuka. Tepu ya kuzibia uzi inatosha.

Kuna hoja nyingine ya wakongwe ambayo vijana huipuuza. PPR ya milimita 20 huuzwa kama "nusu inchi", lakini ya PN20 tundu lake ni milimita 13.2, wakati la GI mpya ni kama 16. Njia ya maji ni theluthi mbili tu. Bomba kuu la nyumba liwe la 25.

PVC ya gundi ni ya maji baridi tu, na juani hukakamaa. Chini ya ardhi, kutoka kwenye mita hadi kwenye tenki, hakuna wa kuishinda HDPE nyeusi, bomba la plastiki linalopinda: inakuja kwa roli, viungio ni vichache, na inapinda bila kukatika udongo ukicheza. Izikwe sentimita 45 au zaidi, mbali na mawe makali.

Kabla ya plasta, ziba ncha zote, jaza maji taratibu hewa ikitokea juu, kisha pandisha presha kwa pampu ya mkono hadi bari 10 (bari ni kipimo cha presha). PPR hutanuka kidogo, kwa hiyo mshale utashuka mwanzoni, urudishe. Ukiendelea kushuka baada ya nusu saa, kuna panapovuja. Tenki lililo mita 6 juu ya koki linatoa bari 0.6 tu, ndiyo maana kiungio kibovu hukaa kimya miezi mingi, hadi siku mwenye nyumba atakapofunga mota ya kuongeza presha.