Mwache babu, mtafute dada yake

Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Massachusetts, aliniapia kwamba babu wa marehemu baba yake alitoka Cork, Ayalandi. Akasema hilo halina mjadala. Basi nikakaa miezi sita napekua rejista za Cork nikimsaka John Sullivan. Nilipata akina John Sullivan wa kujaza daladala. Wetu hakuwemo.

Kumbe wahamiaji wengi walipandia meli Queenstown, bandari ambayo leo inaitwa Cobh, nayo iko Cork. Mtu ametoka zake Kerry au Limerick, kaunti za jirani, lakini wajukuu wakabaki na jina la bandari. Ni sawa na kusema babu yako ni mtu wa Ubungo kwa kuwa ndiko alikopandia basi.

Simcheki mama mkwe. Hata mhamiaji maarufu kuliko wote alipotezwa hivyo hivyo. Annie Moore, msichana wa Cork, alishuka Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji huko New York, tarehe 1 Januari 1892 na wadogo zake wawili wa kiume, akawa wa kwanza kupokewa katika kituo hicho, akazawadiwa sarafu ya dhahabu ya dola 10. Ilitangazwa kwamba ana miaka 15. Alikuwa na 17. Kwa miaka mingi ikasimuliwa kwamba alihamia Texas, akafa mwaka 1923 kwa kugongwa na tramu. Mtafiti wa nasaba Megan Smolenyak alipofuatilia nyaraka, yule wa Texas akaonekana alizaliwa Illinois! Bahari hakuivuka. Annie mwenyewe alibaki New York, akaolewa na mtoto wa mwoka mikate, akazika watoto kadhaa wakiwa wadogo, akafa mwaka 1924. Kaburi lake huko Queens halikuwa na jiwe hadi 2008. Na waliompata walipitia karatasi za uraia za Philip, mdogo wake.

Hapo ndipo ninapogombana na wenzangu wa utafiti huu. Wanakimbilia Ayalandi mapema mno. Kule, usipojua parokia, na ikiwezekana kitongoji, umepotea, maana majina ni yale yale na vitongoji vinapita 60,000. Halafu kila kitu wanasingizia moto. Ni kweli, tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, hifadhi ya nyaraka ya Dublin ililipuka na sensa za 1821 hadi 1851 karibu zote zikateketea. Lakini sensa za 1861 hadi 1891 hazikuguswa na moto huo. Serikali ilikuwa imeshaziharibu yenyewe. Za 1881 na 1891 zilisagwa ili karatasi itumike tena wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Karani mtiifu ni hatari kuliko baruti.

Kilichobaki si haba: sensa za 1901 na 1911, na rejista za parokia za Kikatoliki, vyote bure mtandaoni. Ila mlango wake uko Marekani, kwenye vyeti vya vifo, karatasi za uraia, makaburi. Na usimfuate babu peke yake. Fuata ndugu, majirani, wasimamizi wa ubatizo, kwa sababu watu wa kijiji kimoja walihama wakifuatana.

Sisi tuliokolewa na Honora, dada yake John, ambaye hakuna aliyekuwa akimtaja. Jiwe lake liliota ukungu. Mume wangu alilisugua kwa maji na brashi laini, herufi zikatoka moja moja: mzaliwa wa Kerry, na chini yake jina la parokia.

Jioni ile ile nikafungua rejista. Mwandiko wa padri umelala kama nyasi baada ya mvua, tena kwa Kilatini, John anaandikwa Joannes. Ubatizo wa Honora upo, na jina la baba, na la mama ambalo ukoo mzima ulikuwa haulijui. Wa John bado. Kurasa za miaka yake zimefifia, nami nimefika mwezi wa tatu.