Mkwamo wa Zanzibar si wa kugawana vyeo

Kila uchaguzi wa Zanzibar ukikaribia, wanasiasa huhimizwa wakae kitako, wasameheane, wapeane mikono. Sina ugomvi na kusameheana. Ila mikono visiwani imepeanwa sana tu, na mkwamo ukarudi.

Mwaka 1995 Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad. CUF, chama cha upinzani cha Maalim Seif, wakagoma kuyatambua matokeo. Jumuiya ya Madola ikasuluhisha, Muafaka, yaani makubaliano ya CCM na CUF, ukatiwa saini 1999. Januari 2001 waandamanaji wa CUF wakapigwa risasi, wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya. Oktoba mwaka huohuo, Muafaka wa pili. Mazungumzo yaliyofuata yakakwamia kwenye kikao cha CCM huko Butiama 2008.

Kisha, tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Karume na Maalim Seif wakakutana Ikulu, bila mjumbe wa kigeni katikati yao. Nakiri hapo palikuwa na ukubwa wa moyo. Julai 2010 asilimia 66.4 ya wapiga kura wakaridhia Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na uchaguzi wa mwaka ule ukapita kwa amani ingawa Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM alimpita Maalim kwa asilimia moja tu.

Lakini tazama kilichoandikwa kwenye katiba: nani awe Makamu wa Kwanza wa Rais, mawaziri wagawanwe vipi. Yaani pilau ilipangiwa walaji, mpishi hakuulizwa. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi alibaki mteule wa Rais, ambaye naye huwa mgombea au kada wa chama kilichomo kwenye kinyang'anyiro.

Tarehe 28 Oktoba 2015 mwenyekiti huyo, Jecha Salim Jecha, akatangaza kwamba uchaguzi wote umefutwa. Wajumbe wa Tume waliotoka upinzani wakasema hapakuwa na kikao kilichoamua hivyo. Na hapa ndipo ninapokereka mpaka leo: Mzanzibari alipiga kura siku ileile, kwenye skuli ileile, akatoka na wino kidoleni; kura yake ya Rais wa Muungano ikahesabiwa, ya Rais wa Zanzibar ikatupwa. Uchaguzi wa marudio wa Machi 2016 ulisusiwa na CUF, Shein akapata asilimia 91.4, na kiti cha Makamu wa Kwanza kikakosa mtu kwa kuwa hakuna chama kingine kilichofikisha asilimia 10.

Desemba 2020 Maalim, sasa akiwa chama cha ACT-Wazalendo, alikubali tena kuingia serikalini. Akafariki Februari 2021.

Kwa hiyo nikiambiwa kuna maridhiano mapya yanapikwa, swali langu si nani atapata wizara gani. Nataka kusikia mwenyekiti wa Tume atapatikanaje, na mtu mmoja akisimama mbele ya kamera kufuta kura za nchi nzima, mahakama gani itamsikiliza anayepinga.