Gari Lililokuwa Likizalisha Petroli

Kwa muda wa siku tisa niliamini, tena kwa ushahidi wa macho yangu mwenyewe, kwamba namiliki gari ambalo kadiri unavyoliendesha ndivyo tangi lake la mafuta linavyozidi kujaa. Kabla hujanicheka, naomba nieleze jinsi mtu mwenye akili timamu, na mwenye mita ya umeme mkononi, anavyoweza kufikishwa hapo.

Gari lenyewe ni la Kiingereza, la mwaka 1968, na nililinunua mshale wa geji ya mafuta ukiwa umelala kwenye E. Ujaze tangi, usijaze, mshale haukuinua kichwa. Aliyeniuzia alisema ni jambo dogo, ni waya tu, nami nikamwitikia kwa kichwa kama daktari bingwa, kwa kuwa nilikuwa nimekesha nikisoma jinsi mfumo huo unavyofanya kazi. Nilijua kwamba umeme hutoka kwenye betri ya volti 12, hupita kwenye fyuzi na swichi, huingia kwenye stebilaiza inayoupunguza hadi wastani wa volti 10, hupita kwenye geji, kisha hukimbia kwa waya mmoja hadi nyuma ya gari kwenye floti iliyomo ndani ya tangi. Floti ni boya lililoshikizwa kwenye mkono wa chuma: mafuta yakipanda, boya hupanda nayo, ukinzani wa umeme hupungua, na mshale huelekea F. Nilijua pia kipimo ambacho kila fundi anakijua, yaani kuchomoa waya kwenye floti na kuugusisha kwenye mwili wa gari. Geji ikiwa nzima, mshale utapanda hadi F.

Nikalala chini ya gari, nikachomoa waya, nikaugusisha, na nikamwomba shemeji yangu aliyekuwa amekaa kwenye usukani atazame.

"Vipi, shemeji?"

"Umelala."

"Bado?"

"Shemeji, huu umekufa."

Basi nikaihukumu geji. Kutwa nzima ya Jumamosi niling'oa dashibodi, nikaitoa geji, nikaipuliza, nikaifuta, nikaitazama kwa huzuni, kisha nikairudisha. Zilibaki skrubu tatu ambazo gari lilionekana halizihitaji, na taa ya ndani, ambayo haikuwa na kesi yoyote, ikaacha kuwaka tangu siku hiyo.

Hatimaye nikamwita fundi mmoja mzee. Hakushika spana. Aliuliza tu, "Uliugusisha waya kwa muda gani?"

"Sekunde mbili hivi, fundi."

Akacheka kwa upole, jambo ambalo huuma kuliko kucheka kwa sauti. Akanieleza kwamba ndani ya geji za aina hiyo kuna kipande chembamba cha metali mbili zilizoshikamanishwa, kimezungushiwa waya unaopata joto umeme unapopita. Kipande kikipata joto kinajipinda, na kwa kujipinda kinausukuma mshale. "Hiyo si taa, mwanangu. Igusishe, halafu hesabu hadi thelathini." Nikahesabu. Nilipofika kumi na mbili, mshale ukaanza kupanda taratibu, kama mzee anayeinuka kwenye kiti bila kutaka kusaidiwa, ukafika F. Geji ilikuwa nzima siku zote. Lililoharibika lilikuwa ndani ya tangi.

Hapo ndipo shemeji alipotoa wazo kwamba tujaze tangi hadi juu kabla ya kuitoa floti, ili tuwe na uhakika wa mafuta yaliyomo. Nilikubali mara moja. Sikutilia maanani kwamba kwenye gari hili floti imefungwa ubavuni mwa tangi, wala siyo juu yake.

Kwa tahadhari za usalama sikuwa na dosari: betri nilikwisha kuiondoa waya, na ile pete inayoishikilia floti niliigonga kwa kipande cha mti ili kusitoke cheche. Pete ikalegea, floti ikasogea, na petroli ikaja. Ilishuka kwenye mkono wangu ulioinuliwa, ikaingia kwenye shati, ikapita kwapani bila kupiga hodi, na ikaendelea na safari yake hadi kiunoni. Nikaziba tundu kwa kiganja na kupiga kelele kwamba naomba chombo. Shemeji alitimua mbio kweli kweli, akarudi akihema, ameshika kikombe cha chai.

Tuliyamaliza mafuta hayo kwa mpira na madumu, na floti ikatoka. Nililitikisa boya lake la shaba karibu na sikio, nikasikia mafuta yakichezacheza ndani. Lilikuwa na kitundu kidogo mno kuonekana, likanywa petroli, likazama, na tangu hapo likalala chini ya tangi likitangaza kwamba hakuna kitu.

Nikanunua floti mpya. Muuzaji aliapa kwamba inaingia kwenye magari yote, na kwa haki hakusema uongo, maana iliingia vizuri sana. Nikaifunga, nikajaza tangi, nikawasha swichi, nikahesabu hadi thelathini. Mshale ukajisogeza kidogo tu na kubaki karibu na E.

Jioni hiyo nilitambaa chini ya gari na tochi nikinusa kila kiungo cha bomba, nikiwa na hakika kwamba mafuta yanavuja. Naungama kwamba nilimtazama hata shemeji kwa jicho baya. Lakini kesho yake, baada ya safari ndefu, mshale ulikuwa umepanda. Keshokutwa ukapanda tena. Siku ya tano ulikuwa nusu, nasi hatukuwa tumeongeza hata tone. Shemeji alisema labda ni joto linaloyafanya mafuta yatanuke. Mimi, kwa aibu naandika haya, nilisema ni kwa sababu nilikuwa nimerekebisha kabureta.

Siku ya tisa mshale ulipita F, na kwenye mwinuko gari likakohoa mara mbili, likazima.

"Mafuta hayawezi kuwa, shemeji," alisema. "Tazama, limefurika."

Kwa hiyo tulisafisha plagi. Tukafungua distribyuta. Saa nzima na zaidi tulihangaika kando ya barabara, hadi nilipofungua kabureta na kukuta bakuli lake kavu. Nilimpigia fundi simu, akaniuliza kitu kimoja: floti hiyo inasoma omu ngapi, yaani ukinzani kiasi gani, tangi likiwa tupu? Nikaipima. Omu 10. Na likijaa? Kwenye boksi lake iliandikwa 180. Geji yangu hutaka kinyume chake: zaidi ya omu 200 tangi likiwa tupu, na takriban 30 likijaa. "Basi haijaharibika," akasema fundi. "Inakwambia ukweli, ila kinyumenyume."

Kwapa langu halikuwa tayari kwa awamu ya pili. Niliwakusanya watu wote wa nyumbani nikawatangazia kwamba kuanzia siku hiyo E ni tangi lililojaa na F ni tangi tupu. Walizoea upesi kuliko nilivyotarajia. Volkswagen Beetle za miaka ya 1950 hazikuwa na geji kabisa, zilikuwa na koki ya akiba ambayo dereva aliifungua kwa mguu injini ilipoanza kukohoa, na watu walifika walikokuwa wakienda. Sisi tulikuwa na geji, kasoro yake ilikuwa tafsiri tu.

Mwezi mmoja baadaye nilipata floti inayofaa. Safari hii niliipima kwa mita kabla ya kuilipia, nikalikausha tangi kwanza, nikaifunga bila kulowa. Mshale ukasema kweli. Furaha ilinizidi, nikalala mapema, wala sikumwambia mtu.

Alfajiri shemeji alichukua gari bila kuniamsha. Saa nne akapiga simu kutoka njiani, analalamika kwamba limezima ghafla na plagi amekwisha kuzisafisha zote.

"Mshale uko wapi, shemeji?"

"Uko kwenye E kabisa," akanijibu kwa utulivu. "Limejaa pomoni."